Kiti cha Bibi Rispa

Kanisani Kisauni kila mtu alijua kwamba Bibi Rispa hapigi magoti. Mgeni akiuliza kulikoni, alijibiwa kwa mkato: ana magoti. Ana magoti, basi, kana kwamba watu wengine wanatembelea viwiko. Padre aliposema, "Na tuombe," watu walishuka chini kwa kishindo, wazee wakaguna, watoto wakachunguliana chini ya mabenchi, na katikati ya migongo ile yote iliyoinama akabaki mwanamke mmoja mrefu, mkavu, mwenye leso nyeupe kichwani, amesimama wima na macho wazi, akitazama mbele kama mtu aliyefika ofisini akaambiwa angoje.

Wala hakuwa mvivu wa dini. Ndiye aliyefua vitambaa vya Meza ya Bwana, akavitia wanga wa muhogo, akavinyoosha kwa pasi ya makaa mpaka vikasimama vyenyewe. Sadaka alitoa, na nyimbo aliimba kwa sauti iliyowatangulia hata waimbaji. Lakini katika meza hiyo aliyoitandika kwa mikono yake hakuwahi kula. Mtu haendi Mezani kabla hajapata kipaimara, na kipaimara ni Askofu kumwekea mikono mtu aliyepiga magoti. Kila ilipotangazwa kwamba Askofu anakuja, magoti ya Bibi Rispa yalizidi. Askofu akivuka daraja kurudi kisiwani, magoti hupoa. Wanawake wenziwe walimletea mafuta ya nyonyo na majani ya kuchemsha, naye alishukuru na kujipaka mbele yao bila hata kupepesa jicho. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Magoti yake yalikuwa mazima. Nyuma yake, upande wa kushoto, palikuwa na mtoto amesimama.

Alikuwa mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, jina lake Chisale, nduguye tumbo moja. Watu wa misheni ya Kisauni hawakufichana asili yao. Wazee wao waliokolewa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa, wakateremshwa pwani ile, wakapewa majina ya Biblia na viwanja vya kujenga. Rispa aliteremshwa akiwa msichana mdogo mwenye alama ya kamba kiunoni. Jina alilopewa na mamake lilikwisha mtoka kichwani. La Chisale halikumtoka. Walikamatwa pamoja kando ya ziwa la Nyasa, wakatembezwa majuma mengi kuelekea baharini, na kila alipopata nguvu alimbeba mgongoni. Siku moja wenye bunduki waliusimamisha msafara wakaamuru watoto wote wapige magoti wafungwe kamba upya. Rispa alipiga magoti upesi. Chisale hakupiga. Si kwamba alikuwa shujaa, miguu ilikuwa imemvimba naye alikuwa na ukaidi wa mtoto aliyelia tangu asubuhi. Alisimama tu nyuma ya dada yake, upande wa kushoto, akisema, "Nibebe."

Waliopiga magoti walifungwa, wakanyweshwa uji, wakainuliwa. Aliyesimama hakufungwa. Mtu mmoja alimtazama miguu, akatikisa kichwa, msafara ukaondoka. Rispa aligeuka nyuma mpaka shingo ikamuuma. Mtoto hakuwafuata mbio, hakuketi, wala hakulia tena. Alibaki amesimama katikati ya njia mpaka vichaka vikamficha.

Siku ya kwanza kuingizwa kanisani, mwalimu wao wa Kizungu alimwekea mkono begani, akamwinamisha taratibu apige magoti. Hata hajafika chini, Rispa akasikia pumzi nyuma yake, upande wa kushoto. Aliruka akasimama. Tangu hapo hakumpigia magoti Mungu wala mwanadamu. Moyoni alisema hivi: nilimwacha mara moja kwa kupiga magoti, simwachi mara ya pili. Na kwa kuwa mwalimu yule yule aliwafundisha kwamba mbinguni wanaingia waliobatizwa, Rispa, kwa akili zake za kitoto, aliona kwamba Chisale hana mlango. Nani basi atakayekaa naye nje kama si dada yake? Akakua na wazo hilo, akaolewa nalo, na mumewe alipofariki akabaki mjane nalo.

Hakumwogopa. Akifua, akipika, akifagia ua, mtoto yuko. Akigeuka haoni mtu, lakini vumbi la njia analinusa hata siku ya mvua, na miguu anaisikia: kisigino hiki, kisha kile, vikikanyaga pale pale. Mumewe aliishi na kufa bila kujua kwamba katika nyumba yake walikuwa watu watatu. Kama kuna kitu Bibi Rispa alikiogopa, ni kuamka siku moja asiisikie miguu ile.

Mwaka uliofuata kwisha kwa vita vya pili vya dunia, kanisa lilipata padre mpya, Padre Mutua, Mkamba mpole mwenye Kiswahili cha bara kilichowachekesha hata watoto wa darasa la kwanza. Watu walimpenda. Jumapili moja kabla ya Askofu kuja, alipanda mimbarini akajifuta jasho, maana joto la pwani lilikuwa bado halijamzoea.

"Nyinyi watu wa pwani mumenifunza neno," alisema. "Kwetu mtu akiuza shamba ameuza. Hapa mtu anauza shamba, pesa anakula, kesho anakuja na ngazi kuangua nazi. Ukimuuliza anasema, shamba ni lako, lakini minazi ni yangu."

Kanisa zima likacheka, kwa sababu nusu yao walikuwa na kesi hiyo hiyo nyumbani.

"Cheka tu," akasema Padre. "Lakini Mungu hachukui shamba la namna hiyo. Ibada si wimbo, si sadaka, si nguo nyeupe. Ibada ni kujitoa wewe mwenyewe, na minazi yako yote, hata ule mmoja ulioupanda wewe kwa mkono wako. Ukibaki na huo mmoja, siku zote utaingia na kutoka shambani mwa Mungu kama mwizi."

Bibi Rispa hakucheka. Alisikia kisigino kikikanyaga, kisha cha pili.

Baada ya ibada Padre alimfuata nje, akamsalimu kwa mikono miwili. "Mama, nimesikia habari ya magoti yako, nikasikitika. Umewafulia watu vitambaa vya Meza miaka yote hii na hujala. Nimesema na Askofu. Jumapili ijayo atakuwekea mikono ukiwa umekaa, na Mezani utapokea ukiwa umekaa. Gona anakutengenezea kiti. Mungu haangalii magoti, Mama, anaangalia moyo."

Ukali Bibi Rispa angejua namna ya kuukabili, maana ukali alikuwa ameuzoea tangu utotoni. Wema ulimbana pasipo pa kutokea. Uongo wake wa tangu ujana umekubaliwa, umebarikiwa, na sasa unachongewa kiti. Angekataa kwa neno gani? Na kusema kweli hakutaka kukataa. Mwaka ule moyo ulikuwa ukimpiga vibaya akipanda ngazi, akajua kwamba safari yake haikuwa ndefu tena. Kila alipovikunja vitambaa baada ya ibada aliona matone ya divai, na njaa iliyomshika hapo haikuwa ya tumbo. Alitaka kula meza ile kabla hajafa. Alitamani sana.

"Asante, Padre," alisema.

Gona alikileta kiti siku ya Jumatano, amekitwika kichwani. Alikuwa seremala wa makamo, mtu wa upande wa Mwakirunge, aliyebatizwa wakati wa vita, na fundi hasa. Kiti kilikuwa cha mvule, kina mikono ya kuegemea, na mgongoni alikuwa amekinakshi: pembetatu ndogo ndogo zilizokutana ncha kwa ncha, safu juu ya safu, na juu kabisa duara lenye petali kama ua.

"Shikamoo, Mama. Padre kasema ukae nacho ukizoee. Kikikupwaya au kikikubana nitakirekebisha."

"Marahaba, mwanangu. Huu ni uzuri wa kumkalisha bibi kizee?"

"Si bibi kizee, ni mama wa kanisa," akasema Gona, akaenda zake na furaha ya fundi aliyesifiwa.

Furaha hiyo haikufika jioni. Alasiri alipita Kadzo, jirani wa Bibi Rispa, mama wa Kigiriama mwenye duka dogo la samaki wa kukaanga, amebeba bakuli. Alipiga hodi, akaingia uani, akakiona kiti, akasimama hapo hapo.

"Dada Rispa, hicho nani kakupa?"

"Gona. Ni cha kanisa, cha Jumapili."

"Umeutazama mgongo wake?"

"Nimeutazama. Una maua."

"Si maua hayo." Kadzo aliliweka bakuli chini, hakusogea. "Hizo ni alama za kigango. Kwetu mzee mkubwa akifa, akaanza kuwajia wanawe ndotoni akidai, anachongewa ubao wenye alama hizo hizo, unasimikwa, akapata pa kukaa. Haukaliwi na mtu mzima wa afya. Hata mbuzi hafungwi hapo. Huyu Gona kaingiwa na nini? Anataka kukukalisha juu ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Sijui mie. Hata hilo ndilo baya, ubao upo na mwenyewe hajulikani." Kadzo alivuta leso yake mabegani ingawa jua lilikuwa kali. "Mwambie apige randa kabla hakijaingia kanisani. Na usikikalie, dada, nakuomba."

Kadzo alipoondoka, Bibi Rispa alibaki anakitazama kiti. Mwili ulimsisimka kwanza. Kisha, polepole, likamjia jambo jingine ambalo aliona haya kulikiri hata kwa nafsi yake. Alifurahi. Miaka yote hii Chisale hakuwa na pahali, na sasa pamekuja pahali penyewe, pamebebwa kichwani na mtu asiyejua anachobeba.

Akatuma Gona aitwe. Gona alifika na randa mkononi, amekwisha sikia kwa Kadzo, uso umemshuka.

"Mama, naapa sikukusudia. Marehemu baba yangu ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwachongea wazee. Mimi nimekua nikimshikia mbao. Nilikuwa natafuta pambo la mgongoni, mkono ukaenda wenyewe, na jicho likaona uzuri tu. Nipe nikipigie randa sasa hivi."

"Ngoja kwanza. Kaa." Akamsogezea kibao cha mbuzi ya nazi, naye Gona akakaa kama mtoto mbele ya mwalimu. "Niambie. Kwenu, mtu aliyepotea safarini, hana kaburi, hana aliyemzika, naye huchongewa?"

Gona aliiweka randa mapajani. "Huyo ndiye hasa anayechongewa, Mama. Mwenye kaburi ana subira."

Ndipo Bibi Rispa akasema. Alisema yote, la ziwa, la kamba, la kupiga magoti, la mtoto katikati ya njia, na la visigino. Hakulia. Alisema kwa sauti ile ile ya kueleza jinsi ya kutia wanga. Mumewe hakuyasikia maneno hayo, wala mapadre waliokuja na kuondoka, na aliyekuja kuyasikia ni seremala ambaye yeye alimzidi umri karibu mara mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Gona aliinamisha kichwa kana kwamba umewekwa shingoni mwake.

"Na sasa hivi yupo?" aliuliza.

"Yupo."

Gona hakugeuza macho kutazama. Alikuwa amelelewa vizuri. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kigango ni cha wazee, mtoto hapewi. Lakini kipo kimti kidogo, tunakiita koma. Nitakuchongea, urefu wa mkono tu. Tutakisimika hapo nyuma ya jiko. Ukipika umtilie unga na maji kidogo, umwite jina. Atatulia. Padre si mtu wa huku, ataona ni kigingi cha mbuzi."

"Na wewe umebatizwa, Gona."

"Nimebatizwa, ndiyo." Akaikunakuna randa kwa ukucha. "Lakini naona unavyoumia."

Bibi Rispa alipatazama pale nyuma ya jiko. Palikuwa na kivuli kizuri. Aliona kimti kile kimesimama, na yeye akikiinamia kila siku na kiganja cha unga, Chisale wake, karibu kabisa, hatoki tena. Ilibakia kidogo aseme ndiyo.

"Atakaa hapo mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka wajukuu wasahau."

"Sina wajukuu."

"Basi mpaka wewe mwenyewe, Mama."

"Na mimi nikifa?"

Kuku alipita kati yao akidonoa. Gona hakuwa na jawabu, naye alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo hakulitunga.

"Kiache kiti kama kilivyo," akasema Bibi Rispa. "Njoo Jumamosi."

Siku ya pili yake, alasiri, baada ya kuanika vitambaa, alikikalia kiti kile. Kadzo angezimia kama angemwona. Kilikuwa kiti chema, kiliupokea mgongo wake, na miguu iliyokuwa imesimama mbele ya beseni tangu asubuhi ilishukuru. Akafumba macho. Nyuma yake, upande wa kushoto, kisigino kikakanyaga, kisha kingine.

Akainuka, akasogea kando.

"Kaa, Chisale," alisema.

Hakuna kitu kilichotikisika. Vitambaa vilining'inia kwenye kamba bila upepo. Alinusa vumbi.

"Kaa, baba. Kimechongwa kwa alama zako, hata aliyekichonga hakujua. Kaa upumzike."

Kisigino, kisha kisigino. Alimbembeleza, akamkaripia, akakipiga kiti kofi kama mtu anavyomwitia mtoto mkekani. Akakigeuza kielekee kivulini. Kiti kilibaki kitupu, na ile miguu ikabaki pale pale nyuma yake, ikibadilishana uzito, mmoja ukipumzika kidogo ili mwingine uchukue zamu. Bibi Rispa alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza maishani. Mlio huo alikuwa ameusikia kwingine. Aliwahi kuwaona watoto wa shule ya misheni walioadhibiwa kusimama uwanjani mpaka mwalimu aseme basi, na mwalimu amesahau, amekwenda kunywa chai. Husimama hivyo hivyo. Mguu huu, kisha huu.

Mtoto alikuwa amechoka.

Miaka yote alidhani ile miguu inamdai asiondoke, asipige magoti, asimwache. Kumbe Chisale hakusema hivyo hata siku moja. Hakusema "nisubiri", wala "simama nami". Alisema "nibebe". Na mtoto anayetaka kubebwa huwezi kumpa kiti, wala kimti nyuma ya jiko. Na dada yake, aliyekuwa na miaka minane na kamba kiunoni, hakuwa na nguvu ya kumbeba siku ile, na leo bibi kizee mwenye moyo mbovu hana nguvu zaidi. Alichoweza kufanya ni kusimama, na kwa kusimama kwake akamsimamisha na mtoto. Alidhani anamliwaza.

Bibi Rispa alikaa chini, uani, kwenye mchanga, akalia kwa sauti. Alilia mpaka Kadzo akachungulia juu ya ua, akaona kiti kiko pembeni naye yuko chini, akaona afadhali amwache.

Jumamosi Gona alikuja.

"Piga randa," Bibi Rispa alimwambia. "Si chake."

Gona alipiga randa mpaka mgongo wa kiti ukabaki laini, na maranda ya mvule yakatapakaa ua mzima. Habari ya kimti hakuitaja tena, naye hakuulizwa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Walikuja watu wa Mkomani, walikuja hata jamaa wa Likoni waliovuka maji mara mbili kuja kumwona Askofu. Kiti kiliwekwa mbele, mahali pa heshima, na kila mtu alikitazama kwa fahari, maana si kila kanisa linaloweza kumtengenezea mzee wake kiti kama kile. Watoto waliopewa kipaimara walikwenda mmoja mmoja, wakapiga magoti, wakainuka. Kisha jina lake likaitwa.

Alitembea polepole. Aliifikia hatua ya mbele, akakipita kiti, akasimama mbele ya Askofu. Padre Mutua aliinama, akamnong'oneza, "Mama, kiti ni hiki hapa."

"Nakiona, Padre," alisema.

Akakishika kiti mkono wake mmoja, akaanza kushuka.

Wazee waliomjua tangu akiwa msichana waliacha kukohoa. Goti la kulia liligusa saruji, na pumzi ikamjia nyuma ya shingo, upande wa kushoto, karibu kuliko siku zote. Vumbi la njia lilimjaa puani. Akasikia, kwa lugha ambayo hakuwa ameisema tangu utotoni na ambayo alidhani haijui tena, sauti ndogo, "Nibebe."

Shingo yake yote ilitaka kugeuka. Sijui kama yupo mtu aliyewahi kutaka kitu kama Bibi Rispa alivyotaka kugeuka wakati ule. Goti la kushoto likafika chini. Alikaza macho mbele, kwenye kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe, akaomba. Hakuomba maneno ya kitabu.

Mungu, ninaye mtoto. Hakubatizwa, wala mimi sikuwa na namna. Nimemsimamisha jua na mvua kwa kudhani nampenda, na sitaki tena. Mimi unanitaka, nimekuja. Lakini siji na kumwacha njiani. Siujui mlango wake. Kama upo unaujua wewe, na kama haupo, hilo nakuachia pia, maana mikono yangu imekwisha. Mbebe wewe.

Mikono ya Askofu ilitua kichwani mwake, mizito, yenye joto. Askofu alisema maneno yake. Nyuma, kisigino kimoja kikakanyaga. Bibi Rispa akangoja cha pili, kama alivyokingoja kila siku ya maisha yake.

Hakikuja. Kilikatika katikati, kama nyayo za mtoto zinavyokatika mtu mzima anapomnyanyua angali anatembea.

Hakugeuka. Alinusa mshumaa na wanga wa muhogo, na vumbi hakulinusa. Mgongoni mwake palikuwa na hewa tu. Kitu kile alichokiogopa kuliko kifo kilikuwa kimetokea, naye yuko hai, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukimpa Mungu kitu kweli kweli unabaki huna. Hofu ilimshika, na pamoja na hofu wepesi ambao haukumfurahisha bado, kama mtu aliyetua mtungi kichwani akaona shingo haijui kusimama bila huo mtungi. Machozi yakamtoka mbele ya Askofu, mbele ya watu wote.

Walidhani ni magoti. Wanawake wawili waliinuka mbio kumsaidia, Kadzo akiwa wa kwanza. "Bado," aliwaambia. "Niacheni hapa." Akabaki hapo hapo chini mpaka Meza ilipoandaliwa, na Padre Mutua akamfikia na mkate. Bibi Rispa aliupokea, akala.

Walimwinua baadaye, wakampeleka nyumbani, Kadzo akimshika mkono njia nzima. Kiti kilibaki kanisani, na hakuna aliyejua kifanywe nini. Mlangoni kwake Bibi Rispa alisimama kidogo, akasikiliza. Ndani hapakuwa na mtu.

"Nikuletee mafuta ya nyonyo, dada?" aliuliza Kadzo. "Magoti yatakuwa yamekuuma sana leo."

"Magoti yangu ni mazima, Kadzo. Yamekuwa mazima siku zote." Alikivuta kibao, akakaa, akampa mwenzake mkeka. "Kaa. Nilikuwa na ndugu yangu. Jina lake Chisale."